Mkono Aliomtajia Sista

Kwanza ujue kwamba Mstari hakuwa mtu wa kukaa. Wenzake wakikalia kiti wanakikalia. Yeye alikuwa anakiazima dakika mbili, kisha anakirudisha. Chai aliinywa amesimama. Gazeti alilisoma akiizunguka meza, na mkewe alikuwa ameshazoea kusoma habari za ukurasa wa nyuma zikipita mbele yake mbio. Hata msibani, pale watu wazima wanapotulia na kuinamisha vichwa, yeye ndiye aliyekuwa akipanga viti vilivyokwisha kupangwa.

Mahali pamoja tu palimtuliza: juu ya ngazi, mbele ya ukuta, brashi mkononi. Hapo aliganda kama mjusi juani. Alikuwa mchora mabango, na usinielewe vibaya, sisemi hawa wa siku hizi wanaochapa plastiki kwa mashine na kuitundika kama nguo mbichi. Nasema mchora mabango. Alichora herufi ndefu kama mtu mzima bila rula, bila uzi, bila kupima. Anafumba jicho moja, anavuta pumzi, anaishusha brashi kutoka juu mpaka chini, basi. Ukija na timazi kuhakikisha, utagundua kwamba timazi yako ndiyo mbovu. Jina la Mstari alipewa na waashi, na waashi, kama umewahi kujenga utakubaliana nami, si watu wa kumsifu mtu.

Mkono uliofanya maajabu hayo ulikuwa wa kushoto. Liweke hilo akilini, litakuja kutusumbua. Mama yake, Mungu amrehemu, aliupiga vita mkono ule tangu mtoto alipoanza kushika kijiko. "Unatumia mkono gani?" alimuuliza kila alipokaa mezani, na jibu lilikuwa moja tu, vinginevyo sahani inaondoka. Shuleni mwalimu wa darasa la pili akamalizia kazi kwa rula. Hivyo Mstari akakua na mikono miwili yenye vyeo tofauti. Wa kulia ulikuwa wa adabu: kusalimia, kupokea, kula, kutia saini. Wa kushoto ulikuwa wa kazi. Na mtu yeyote aliyemuuliza kwa sauti ya ofisini anatumia mkono gani, mdomo ulijibu wenyewe, "Wa kulia," kabla kichwa hakijapata habari.

Kazini alikuwa na bintiye mkubwa, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwepesi wa ulimi na wa miguu. Binti alipanga nafasi za maneno kwa chaki na kujaza rangi ndani ya herufi; kingo za herufi alimwachia baba yake. Walielewana bila maneno mengi. Mmoja akinyoosha kiganja, mwenzake anajua anataka brashi gani. Walijuana mpaka kikohozi, isipokuwa jambo moja.

Jambo lenyewe lilikaa karakanani kwao, rafu ya juu, ndani ya mkebe wa vanishi. Mkebe ulikuwa umeandikwa VANISHI KALI, HATARI, USIFUNGUE, kwa herufi nzuri ajabu, maana hata uongo wake Mstari aliuandika kwa mwandiko safi. Ndani hakukuwa na vanishi. Kulikuwa na vidonge vyake vya kila siku. Mwaka huo ulikuwa wa kumi na nne tangu aambiwe ana virusi vya UKIMWI. Mkewe alijua tangu siku ya majibu. Naye alipima, akarudia, akarudia tena, hana. Mstari alimeza dawa bila kukosa, na kwa miaka mingi maabara ilikuwa ikimwambia kwamba virusi vyake vimepungua mpaka kipimo hakivioni. Kwa afya, angeweza kukimbizana na vijana na kuwaacha wakihema.

Ila binti hakuambiwa. Mwanzoni kwa sababu alikuwa na mtihani. Halafu alikuwa akisubiri matokeo. Halafu akapata mchumba, halafu mchumba akaondoka, halafu akaanza kazi, si vizuri kumchanganya mtu anayeanza kazi. Mstari alikuwa hodari wa sababu kama alivyokuwa hodari wa herufi.

Sasa twende kliniki.

Ilikuwa Jumanne, siku yake ya kuchukua dawa. Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi matatu marefu, kuta zilizopakwa rangi ya mafuta nusu ya chini, na feni moja iliyogeuka polepole kama inajiuliza iendelee au isiendelee. Watu wa benchi la mbele walijuana miaka. Hawakuitana majina, waliitana kwa kazi zao: Kinyozi, aliyejua habari za mji mzima, Mwalimu, mstaafu mwenye kalamu mbili mfukoni na hana la kusahihisha, na Mama Sabuni, aliyechemsha sabuni za kufulia nyumbani kwake na kunukia usafi hata akikasirika. Mstari naye alikuwa wa benchi hilo, ingawa ni mara chache benchi lilimwona.

Sista, muuguzi wa zamu, akatoka na daftari. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mlio. Unamsikia kabla hujamwona, na ukimwona unanyamaza.

"Wenye miaka hamsini kwenda juu, nisikilizeni. Tumeletewa chanjo ya mkanda wa jeshi. Sindano mbili. Ya kwanza leo au kesho, ya pili baada ya miezi miwili. Anayetaka aniambie nimwandike. Asiyetaka, sina polisi hapa."

Benchi likapoa. Kijana asingeelewa kwa nini, kwa hiyo wewe kama ni kijana sogea karibu. Mkanda wa jeshi ni malengelenge yanayozuka upande mmoja wa mwili, yamejipanga kama mkanda, na maumivu yake ni ya moto. Yeyote anaweza kuupata. Lakini zamani, kabla dawa hazijaenea, ndio ulikuwa unamtangaza mtu. Ukikutokea kiunoni leo, kesho mtaa mzima unakusalimia kwa sauti ya chini. Wengine walidai ncha zake zikikutana, mwenyewe basi. Watu wa umri wa Mstari walikuwa wamezika watu huku wakiunong'ona ugonjwa huo. Sasa kusimama mbele ya watu na kusema "niandike" kulikuwa kama kumwita jambazi kwa jina lake na kumwonyesha mlango.

"Mimi hapana," alisema Kinyozi. "Mimi kazi yangu vichwa, navijua. Ukimwambia mtu umechanjwa mkanda wa jeshi, hapo hapo anaanza kukokotoa. Hiyo si chanjo, ni bango. Mstari, si kweli? Ni bango hilo."

"Bango baya," alisema Mstari, akipita.

"Na mimi virusi vyangu havionekani," alisema Mwalimu. "Mtoto nimeshamlaza. Sasa mnataka nije nigonge masufuria mlangoni?"

"Na wewe Mama Sabuni?" Sista aliuliza.

Mama Sabuni alikuwa akikunja leso yake. "Nyinyi mnaongea vizuri kwa sababu haujawapitia. Mimi ulinikamata hapa, chini ya titi mpaka mgongoni. Wiki sita sikuvaa kitu cha kubana. Nguo ikinigusa naruka kama nimeegemea sufuria. Huu mwaka wa tatu, na kuna mahali upepo ukipapiga tu, moto unawaka. Sista, niandike."

"Wewe si ulishaugua? Umemaliza zamu yako," alisema Kinyozi.

"Huwa unaweza kurudi," alisema Sista, akiandika. "Hauna mambo ya zamu."

"Na hizo sindano hazitapigana na vidonge humo ndani?" Mwalimu aliuliza.

"Hazipigani. Vidonge unameza kama kawaida, hata kimoja usiruke."

"Na tukipandikizwa ugonjwa wenyewe?"

Sista akashusha daftari. "Uliugua tetekuwanga utotoni, Mwalimu? Basi hicho kirusi hakikuondoka. Kimejilaza kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hii, kinasubiri kinga yako ichoke. Sisi hatukuletei mwizi, mwizi unaye ndani. Tunamwamsha mlinzi." Kisha akageuka. "Na wewe baba, unanimalizia sakafu. Nikuandike au nisikuandike?"

"Nafikiria."

"Fikiria ukiwa umekaa."

"Nikikaa sifikirii."

Benchi likacheka, na katika kicheko hicho Mstari akachukua dawa zake, akaondoka bila kuandikwa.

Alitembea. Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ya dakika ishirini, yeye akaifanya saa moja na nusu, maana alikwenda na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa kaka yake mkubwa, marehemu, dereva wa lori. Mkanda wa jeshi haukumtokea kiunoni yule. Ulimtokea usoni, kutoka kwenye nywele mpaka ndani ya jicho. Mstari ndiye aliyekuwa akimbadilishia bandeji. Siku ya mwisho alipoifungua, jicho lilikuwapo mahali pake, lakini lilikuwa kama kioo kilichofukizwa moshi. Lori likaenda kwa mtu mwingine. Miaka miwili iliyobaki kaka yake alimimina chai pembeni ya kikombe, kisha akakigombeza kikombe.

Mchora mabango anafumba jicho moja ili aone sawasawa. Hilo la kufumba analo. Je, akiondokewa na hilo la kufumbua?

Hilo ndilo lililomtembeza. Upande mmoja jicho, upande mwingine binti. Maana sindano ya leo ina sindano ya kesho, na siku ya kuugua, na "Baba ulikuwa wapi?", na tangu lini Mstari akaugua bila bintiye kujua?

Mkewe alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kwa dobi, alikopiga pasi mashati ya watu mchana kutwa. Alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi. Mstari alilizunguka beseni mara nne akieleza.

"Baba watoto," mkewe akasema, "unanitia kizunguzungu. Jicho unalitaka?"

"Nalitaka."

"Basi nenda ukachome."

"Na huyu mtoto je?"

"Mtoto gani? Yule mwenye mvi mbili hapa mbele? Jana kaniomba nimng'olee. Miaka kumi na minne nakwambia umwambie, unaniambia ana mtihani. Sasa nenda ukachome, ukirudi umwambie, halafu ukae chini hata siku moja nione unafananaje ukikaa."

Kesho yake asubuhi akaenda. Ndani ya chumba cha sindano hakukuwa na benchi la kuchekesha, ni kiti kimoja, meza moja, na sanduku la baridi. Mstari akakaa. Goti likawa linapiga ngoma peke yake.

"Hii inauma kidogo wakati wa kuingia," Sista alisema akifungua kichupa, "lakini kazi yake utaiona jioni. Mkono unavimba, unauma siku mbili tatu, na homa inaweza kuja. Ndiyo maana nachoma ule usioutumia sana. Wewe unatumia mkono gani?"

Aliuliza kwa sauti ya ofisini.

"Wa kulia," Mstari akajibu.

"Basi nipe wa kushoto."

Naye, kwa adabu zote alizofundishwa na marehemu mama yake, akakunja shati na kumpa Sista mkono uliolisha familia miaka thelathini.

Alikumbuka akiwa barabarani, karibu na duka la vioo. Alisimama ghafla hata mtu wa nyuma akamgonga. "Mungu wangu!" alisema kwa sauti. Muuza vioo akatoka kuangalia kimevunjika nini.

Sasa kilichokuwa kikimsubiri wiki hiyo ni hiki. Kiwanda cha mikate kilikuwa kinafungua duka lake jipya Jumamosi, na ukuta wake wa mbele, mita kumi na mbili, ulikuwa wa Mstari na bintiye. Maneno yalikuwa MIKATE YA MOTO KILA SAA, herufi nyekundu, kivuli cha kahawia. Mpaka Jumanne walikuwa wamefika mwisho wa KILA. Ilibaki SAA. Herufi tatu, utasema, kitu gani? Subiri.

Jumatano mchana alichora S nusu, akijisifu kimoyomoyo kwamba Sista ametia chumvi. Saa kumi mkono ukaanza kuwa mzito kama umejazwa mchanga wenye maji. Saa kumi na moja meno yakaanza kugongana. Akasema anawahi kwenye rangi kabla duka halijafungwa, akaenda kulala chini ya blanketi mbili jua likiwa bado nje.

Alhamisi asubuhi homa ilikuwa imepungua, lakini bega lilikuwa limekataa. Alipanda jukwaa, akachovya brashi, akauinua mkono. Ukafika usawa wa kifua, ukagoma. Akajaribu kuusukuma na ule wa kulia kama anayesukuma gari bovu. Akashuka ngazi, akapanda, akashuka. Hatimaye akaupa brashi mkono wa adabu. Mkono ule ulijua kusalimia wakuu na kutia saini risiti, herufi haukuijua. Mkia wa S ulikwenda ukipepesuka ukutani mpaka ukaingia kwenye A ambayo haijazaliwa.

Bintiye, aliyekuwa upande wa pili akijaza kivuli cha L, akageuka.

"Mzee! Unachora nini hapo, nyoka?"

"Nimelalia mkono."

"Umelalia mkono, na mkono umevimba kama andazi? Hebu."

"Niache."

"Hebu nione, Baba."

Alikuja kwa hatua tatu, mbao za jukwaa zikiyumba, akamkunjia shati kabla hajaruka. Begani palikuwa na wekundu wa ukubwa wa kiganja, na katikati kipande cha plasta ambacho Mstari, kwa akili zake zote, alisahau kukibandua.

"Umechomwa sindano."

"Chanjo."

"Chanjo ya nini?"

Hapa alikuwa na mlango. Chanjo ile hata mtu mwingine wa umri wake angeweza kupewa, haimaanishi lolote. Akaupita mlango huo mbio.

"Ya mkanda wa jeshi. Ni umri tu, mwanangu. Wazee wote tunachomwa."

Binti akakunjua uso. "Ala! Si ungesema. Ule wa Baba Mkubwa? Wa jicho?"

"Ule ule."

"Vizuri sana. Basi kesho nampeleka Mama, naye si mtu mzima? Na Shangazi. Wanachomea wapi? Dirisha namba ngapi?"

Mstari akafungua mdomo. Aliona dirisha lenyewe, na watu wanaoinamisha vichwa wakilipita, na mkewe na dada yake wamesimama pale wakiuliza chanjo ya wazee wote. Akafunga mdomo. Miguu ikatafuta pa kwenda. Mbele kulikuwa na ukuta, nyuma hewa, kushoto ndoo ya rangi, kulia binti. Kwa mara ya kwanza jukwaa lilikuwa dogo kwake.

"Haiwezekani kwa Mama," alisema.

"Kwa nini?"

"Pale wanawapa wenye virusi vya UKIMWI. Ndio waliotengewa."

"Sasa wewe wamekupaje?"

Mstari alishika bomba la jukwaa kwa mkono wa kulia na kuanza kubandua rangi iliyokauka kwa ukucha, kidogo kidogo, kazi isiyo na maana yoyote. Chini gari la unga lilikuwa likirudi nyuma, mtu akipiga kelele, "Njoo, njoo, njoo, hapo hapo!" Lilipozima, binti alikuwa bado anamwangalia.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka wa kumi na nne."

"Mama?"

"Mama yako hana. Anapima. Anajua tangu siku ya kwanza."

"Na mimi sijui."

"Ulikuwa na mtihani."

"Mtihani?" Sauti yake ikapanda hadi wabeba unga wakaangalia juu. "Mtihani wa miaka kumi na minne, Baba? Mtihani gani huo, nilikuwa nasomea kuwa rais?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!" Lakini akapunguza. Akashuka ngazi. Mstari alimwona akienda kwenye bomba la maji, akaosha brashi ambayo ilikuwa safi, akaiosha tena, akaikung'uta, akaenda mpaka getini, akarudi, akaenda tena. Yule anayetembea vile alikuwa binti yake halali; hata mgeni angejua. Yeye mwenyewe, ajabu, alikuwa amekaa. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono mapajani, asiweze kuinuka. Hakuwaza jicho wala ukuta. Aliwaza kitu kimoja tu: akirudi juu, atapanda kwa ngazi ya upande wangu au atachukua ile ya mwisho kule?

Binti akapanda ya upande wa baba yake. Alikuwa na macho mekundu na maji mpaka kwenye viwiko.

"Vidonge unaweka wapi?"

"Kwenye mkebe wa vanishi."

"Ule wa hatari?"

"Ule."

"Miaka yote hiyo naogopa kuugusa, nikidhani utalipuka." Akajifuta pua kwa kiwiko. "Unameza? Huruki?"

"Sijawahi kuruka. Virusi havionekani hata kwa kipimo. Nitakuonyesha majibu."

"Utanionyesha yote. Ya miaka kumi na minne, moja moja." Akalitazama bega. Halafu uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeona kosa la herufi. "Baba. Kwa nini wamekuchoma wa kushoto?"

"Basi tu."

"Hawaulizi?"

"Sista aliuliza natumia mkono gani."

"Ukamwambia?"

Mstari akaangalia gari la unga.

"Baba, ukamwambia nini?"

"Wa kulia."

Kicheko kilimtoka binti kama kitu kilichopasuka, akashika bomba la jukwaa, mbao zikatetemeka, wabeba unga wakaanza kucheka nao bila kujua wanacheka nini. Alicheka mpaka kikageuka, kikawa kilio, kikarudi kuwa kicheko, na katikati ya yote hayo alikuwa ameushika mkono wa baba yake ule mzima na hauachii.

"Unaficha mpaka mkono," alisema akihema. "Mtu anakuuliza ili akusaidie, unamficha mpaka mkono!"

Akamwondoa juu ya ndoo, akaifungua, akafuta nyoka kwa kitambaa na mafuta, akaichukua brashi ya kingo ambayo hajawahi kuishika. Mstari akaelekeza kwa kidevu. "Vuta pumzi. Usiangalie brashi, angalia inakokwenda." Ijumaa jioni SAA ilikuwa ukutani. S nzuri. A ya kwanza nzuri. A ya pili ilikuwa imelalia kulia, kiasi cha unene wa kidole, na rangi ilikuwa imekwisha kukauka.

Jumamosi watu walikula mikate ya moto, wakasifu ukuta. Hakuna aliyeiona ile A ila mtu mmoja, na huyo hakulala vizuri.

Miezi miwili baadaye benchi la mbele la kliniki lilipata mgeni. Binti alikaa kati ya Mama Sabuni na Mwalimu, miguu ikichezacheza, huku baba yake akipita mbele yao. Kinyozi alimsubiri Mstari kwenye kona.

"Niambie ukweli. Uliumwa?"

"Siku mbili. Sikuweza kushika brashi."

"Si unaona! Niliwaambia!"

"Siku mbili, Kinyozi. Kaka yangu aliumwa mpaka akafa. Mama Sabuni huu mwaka wa tatu."

Kinyozi akajikuna kisogo. "Na watu je? Hawakukokotoa?"

"Mmoja alikokotoa. Yule pale. Kanipeleka puta wiki nzima, halafu leo ndiye aliyeniamsha nisichelewe."

Kinyozi akamtazama binti, binti akampungia mkono. Mwalimu akasema kwamba yeye bado msimamo wake ni ule ule, ila kama Sista ana karatasi yenye maelezo, angependa kuisoma, kwa ajili ya kusahihisha tu. Kinyozi hakusema lolote. Lakini baada ya muda alihama, akaenda kukaa mwisho wa benchi, karibu kabisa na mlango wa chumba cha sindano, akidai kule ndiko feni inakofika.

Mlango ukafunguliwa. "Baba wa kuzunguka, ingia." Wakaingia wote wawili. Sista akatoa kichupa.

"Unatumia mkono gani?"

"Wa ku..." mdomo ukaanza.

Binti akakohoa.

"Wa kushoto," alisema Mstari. Neno lilimtoka kwa shida, kama anakiri mbele ya marehemu mama yake, sahani ikiwa mezani. "Natumia wa kushoto, sista. Tangu kuzaliwa." Akakunja mkono wa shati wa kulia.

Walirudi kwa njia ya kiwanda cha mikate. Mstari alijaribu kupita akiangalia upande wa pili wa barabara, akashindwa. Ile A ilikuwa pale juu, imelala zake kulia kama mtu aliyeshiba. Mkono wa kushoto, mzima, mwepesi, hauna homa, ukaanza kumwasha kutoka kwenye vidole mpaka kiwikoni. Ngazi ya kiwanda ilikuwa imeegemezwa pale pale getini. Angehitaji dakika kumi. Tano. Akasogea hatua moja, akarudi, akasogea mbili.

"Jaribu kuigusa," binti alisema bila kugeuka, "uone."